Siku Tatu Kabla ya Dhoruba: Hotuba kwa Madereva wa Malori na Familia Zao, Louisville, Kentucky

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba na vijana, hamjambo. Nawashukuru mlioendesha usiku kucha ili muwepo hapa, na nawashukuru zaidi mliokuja na watoto, kwa sababu sehemu kubwa ya ninayotaka kusema ni ya nyumbani kama ilivyo ya barabarani.

Nimeombwa nizungumzie baridi ya Marekani na namna ya kusoma utabiri wa muda mfupi, yaani ule wa kuanzia leo hadi kesho kutwa. Upo pia utabiri wa msimu mzima, unaosema kaskazini itakuwa na baridi kuliko kawaida au kusini itakuwa kavu. Huo una faida kwa mkulima na kwa kampuni ya gesi. Dereva haumsaidii. Mzigo unapakiwa Jumatatu, unatakiwa Denver Jumatano, na linalokuhusu wewe ni Jumanne usiku ukiwa katikati ya Kansas itakuwaje.

Jambo langu leo ni hili. Utabiri wa siku tatu katika nchi hii ni wa kuaminika, na wengi wetu tunausoma tukiwa tumeshachelewa. Tunaufungua tukiwa tumeshasaini mzigo, tumeshajaza mafuta, dispacha, yule anayetupangia mizigo na safari, ameshapiga simu mara mbili. Wakati huo utabiri umekuwa habari tu, huwezi tena kuufanyia kitu. Naomba tuanze kuusoma siku ya kwanza, anga ikiwa bado ya bluu.

Kwetu tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Huku dalili inafika kwenye simu saa 48 kabla ya wingu la kwanza, na ndiyo maana mtu aliyekulia Uvira au Kigoma inamwia vigumu kuiamini. Anachungulia dirishani, anaona jua, anawasha gari. Ninaielewa tabia hiyo, maana macho yetu yalifunzwa hivyo na yalitufaa miaka mingi.

Basi nieleze kwa nini nasema tuuamini. Kila siku, mara mbili, vituo duniani kote hurusha maputo yenye vipimo vya joto, unyevunyevu, mgandamizo na upepo. Hapa Louisville wakati wa baridi inakuwa takribani saa moja asubuhi na saa moja jioni. Nairobi na Dar es Salaam muda huohuo ni saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Vipimo hivyo, pamoja na vya satelaiti, ndege, meli na rada, vinaingizwa kwenye kompyuta kubwa zinazokokotoa namna hewa itakavyosogea. Hesabu hiyo inarudiwa mara nne kwa siku, na ile ya saa chache zijazo inarudiwa kila saa. Kisha watu, siyo mashine, wanakaa wanalinganisha. Idara ya taifa ya hali ya hewa, National Weather Service, ina ofisi 122 za utabiri nchini, na mojawapo iko hapahapa Louisville. Kule College Park, Maryland, kuna kituo kinachoangalia nchi nzima na kuandika maelezo ya siku mbili tatu zijazo: theluji itaanguka wapi, barafu wapi, mafuriko wapi. Maelezo hayo ni bure. Kodi yako imeshayalipia.

Nchi yenyewe ni kubwa, na umbo lake ndilo linalofanya baridi yake iwe kali. Milima ya Rocky imelala kaskazini hadi kusini. Hakuna mlima uliolala mashariki hadi magharibi wa kuizuia hewa ya Kanada, kwa hiyo ikishaanza kuteremka inapita Dakota, Nebraska, Kansas, Oklahoma, hadi Texas, bila kizuizi. Kutoka kusini inakuja hewa nyingine, ya joto na unyevu, kutoka Ghuba ya Mexico. Zinapokutana ndipo penye kazi yetu.

Hebu tuifuate dhoruba moja ya kawaida, siku kwa siku, kama ambavyo ungeiona kwenye ramani.

Siku ya kwanza inaingia kutoka Bahari ya Pasifiki. Seattle na Sacramento wanapata mvua. Mtu wa mjini anafungua mwavuli. Lakini wewe unapanda mlima wa Snoqualmie kwa barabara kuu ya I-90, au wa Donner kwa I-80 ambako barabara inafika mita 2,200 hivi, na kule juu mvua hiyohiyo ni theluji nzito, yenye maji mengi, ya kuhesabu kwa futi. Katika utabiri wa magharibi usisome kwanza inchi za theluji. Soma kimo ambacho mvua itageuka theluji. Kikishuka futi elfu moja, njia iliyokuwa na maji tu inadai minyororo ya matairi. Mwanzoni mwa Machi 2024, I-80 kule Sierra Nevada ilifungwa kwa siku kadhaa, na onyo lilikuwa limetangazwa mapema. Waliolisoma walisubiri Reno au Sacramento, penye chakula, choo na mafuta. Wengine walikwama mlimani na injini inanguruma.

Siku ya pili dhoruba imevuka milima. Mara nyingi inajikusanya upya mashariki mwa Colorado, na hapo inapata nguvu. Wyoming sitaizungumzia sana, wanaoijua I-80 kati ya Laramie na Rawlins wanaijua. Pale theluji si lazima ianguke kutoka juu. Upepo unaiokota iliyo chini na kuifanya ukungu mweupe, na trela tupu inapinduliwa huku anga juu ya kichwa chako ni safi. Kama hujabeba kitu, soma upepo kabla ya theluji.

Nataka tukae zaidi kwenye kinachotokea kusini na mashariki ya hapo siku hiyohiyo ya pili, kwa sababu ndicho kinachotuua. Ile hewa ya joto ya Ghuba ni nyepesi, inapanda juu ya hewa baridi ya Kanada ambayo ni nzito na imelala chini. Sasa una tabaka mbili: juu joto, chini baridi. Theluji ikianguka inayeyuka ikipita kwenye joto, inakuwa mvua. Ikifika chini haina muda wa kuganda tena angani. Inagusa barabara, kioo, waya wa umeme, tawi la mti, na hapo inaganda. Kwa macho ni mvua ya kawaida. Ardhini ni barafu.

Kwenye ramani utaona mikanda mitatu: kaskazini theluji, kusini mvua, na katikati ukanda mwembamba wa barafu. Mara nyingi Oklahoma, Arkansas, Missouri, Tennessee na hapa kwetu Kentucky tunaangukia kwenye ukanda huo. Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu mipaka ya utabiri. Siku tatu kabla, wataalamu wanajua kwa uhakika kwamba ukanda utakuwepo. Hawajui kama utapita Louisville au Bowling Green. Tofauti ya nyuzi mbili za Fahrenheit, kutoka 33 hadi 31, inaamua, maana maji huganda kwenye 32. Kwa hiyo utabiri wa barafu haukuambii kwamba kilomita yako itaganda. Unakuambia usipange kuwa eneo lote lile usiku ule. Mimi naona hiyo ni habari ya kutosha kabisa kwa mtu mwenye kilo elfu thelathini na sita mgongoni.

Tarehe 11 Februari 2021, alfajiri, Fort Worth, Texas, barabara ya I-35W. Kulikuwa na manyunyu mepesi tu yaliyokuwa yakiganda. Sehemu ile ya barabara imeinuliwa kama daraja, na daraja huganda kabla ya barabara ya chini kwa sababu baridi inalishika juu na chini, halipati joto la ardhi. Magari 133 yaligongana, malori yakiwemo. Watu sita walikufa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini.

Nawapa vitu viwili vya kuangalia ukiwa kwenye usukani. Cha kwanza, mkono wa kioo cha pembeni. Sehemu ya mbele ya ule mkono ikianza kuvaa utando unaong'aa, mvua imeshaanza kuganda, hata kama barabara bado. Cha pili, matairi ya gari lililo mbele yako. Barabara ikiwa imelowa, matairi yanarusha maji. Ukiona barabara inang'aa kama iliyolowa na matairi hayarushi kitu, yale siyo maji. Usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu taratibu, tafuta pa kutokea.

Siku ya tatu dhoruba iko Maziwa Makuu ya huku Marekani, milima ya Appalachia na pwani ya mashariki. Huko nyuma yake inaacha jambo jingine ambalo dereva mgeni halitegemei. Dhoruba imepita, habari imesema imekwisha, kumbe hewa kavu ya baridi sasa inavuka Ziwa Erie na Ziwa Ontario ambayo maji yake bado yana joto la kiangazi. Inachota mvuke na kuushusha kama theluji kwenye ukanda wa kilomita chache. Kusini mwa Buffalo, New York, Novemba 2014 na tena Novemba 2022, ilirundikana kiasi cha mita mbili sehemu nyingine, na mwendo mfupi wa gari kutoka hapo watu walikuwa wanafagia kidogo tu. Utabiri unaweza kukuambia siku mbili kabla kwamba ukanda huo utakuja na utaelekea upande gani. Mtaa gani, utajua siku yenyewe.

Na kuna kimoja ambacho utabiri wa siku tatu hautoshi kabisa, nacho ni kimbunga kifupi cha theluji kinachopita kwa nusu saa. Machi 28, 2022, kwenye I-81 kaunti ya Schuylkill, Pennsylvania, kimojawapo kiliziba macho ya madereva ghafla. Magari takribani 80 yaligongana, mengine yakawaka moto, watu sita wakafa. Kwa hatari ya namna hii onyo linakuja kwenye simu kwa mlio mkali, dakika chache kabla. Naomba sana, wale mliozima ile milio kwa sababu inawaamsha mkiwa mmelala, iwasheni leo.

Kitu kingine kinachotokana na ukubwa wa nchi ni dizeli. Umejaza tenki Laredo, jua linawaka. Baada ya siku mbili uko Fargo, nyuzi 10 chini ya sifuri ya Fahrenheit. Dizeli ya kusini haikuchanganywa kwa ajili ya huko. Nta iliyo ndani yake inajitenga, inaziba kichujio, injini inazima, na ikizima hita inazima nayo. Utabiri wa unakokwenda ndio unaoamua unajaza nini na unaongeza dawa gani, kabla ya kufika huko, mafuta yakiwa bado vuguvugu.

Sasa niseme lililo gumu. Najua mnachofikiri: sawa, tumesoma, lakini dispacha anasema twende. Unalipwa kwa maili. Lori ni la mkopo, kila wiki linadai. Ukisimama siku mbili Amarillo hakuna anayekulipa. Hii ni kweli na sitaifunika kwa maneno mazuri. Lakini sheria iko upande wenu kuliko wengi wenu mnavyoambiwa. Kanuni ya serikali kuu kwa magari ya biashara, kifungu cha 392.14, inasema hali ya theluji au barafu ikipunguza uoni au mshiko wa matairi, mwendo upunguzwe, na ikiwa hatari imezidi, safari isimamishwe wala isiendelee mpaka iwe salama. Na aliye kwenye usukani pale barabarani ni nani? Ni wewe. Na sheria ya mwaka 1982 inakataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu dereva anayekataa kuendesha kwa sababu ya hatari ya kweli. Ukifukuzwa kwa hilo una siku 180 za kulalamika kwa idara ya usalama kazini, OSHA.

Mjue kisa cha Alphonse Maddin. Januari 2009, Illinois, usiku, baridi chini ya sifuri ya Fahrenheit. Breki za trela yake ziliganda, na hita ya kichwa cha lori ilikuwa imeharibika. Alisubiri fundi kwa saa kadhaa. Mwili ukaanza kufa ganzi, maneno yakawa mazito mdomoni. Aliambiwa aendelee kukaa na mzigo, au aburute trela yenye breki zilizoganda. Akaifungua trela, akaondoka na kichwa kutafuta joto. Alifukuzwa kazi. Alishtaki, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubali kwamba kufukuzwa kwake kulikuwa kinyume cha sheria. Miaka saba ilipita, ndiyo. Lakini usiku ule alitoka hai, na hukumu yake inawalinda ninyi.

Hapa ndipo utabiri wa siku tatu unapogeuka silaha mkononi mwako. Ukimpigia dispacha ukiwa tayari kwenye barafu, mnabishana. Ukimtumia ujumbe Jumatatu asubuhi, na ile ramani, ukamwandikia kwamba Oklahoma imewekewa onyo la barafu Jumanne saa sita usiku, kwa hiyo utapita kabla ya saa kumi jioni au utasimama Joplin, umempa nafasi ya kumpigia mteja na kupanga upya. Na umejiwekea ushahidi wa maandishi. Fanya kwa maandishi kila mara, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga.

Maonyo yenyewe yana ngazi, na wengi wanazichanganya. Waliotoka Tanzania wamezoea angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hapa utaona Watch, ambayo kwa kawaida hutoka siku moja au mbili kabla: uwezekano ni mkubwa, panga safari upya sasa. Utaona Warning: inakuja au imeshafika, mipango iwe imekwisha. Na Advisory ni ndogo kuliko Warning, lakini manyunyu ya barafu yanayoua hutolewa mara nyingi kwa Advisory tu, kwa hiyo msiidharau. Tangu Oktoba 2024 onyo la baridi kali nalo limebadilishwa jina, sasa ni Extreme Cold. Na vipimo si sawa kila mahali. Inchi mbili tatu za theluji Minnesota ni siku ya kawaida ya shule. Januari 28, 2014, kiasi hichohicho kiliifunga Atlanta: maelfu ya watoto walilala shuleni, na watu walilala ndani ya magari yao barabarani. Kwa hiyo ukisikia Warning ya Georgia usiilinganishe na ulichozoea Minneapolis.

Akina mama, sasa ya nyumbani. Barafu inapoanguka kwenye waya, umeme unakatika, na hita nyingi za gesi zinahitaji umeme ili kuwaka. Kentucky tulipata hilo Januari 2009: mamia ya maelfu ya nyumba gizani, nyingine kwa wiki kadhaa. Texas, Februari 2021, hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246, wengi kwa baridi, na wengine kwa gesi ya kaboni monoksidi.

Kuhusu gesi hiyo naomba mnisikilize vizuri. Sisi tumekulia na jiko la mkaa. Tunajua kuliwasha, tunajua linavyopasha chumba. Lakini nyumba za kwetu zina upenyo juu ya ukuta, chini ya mlango, kwenye bati. Apartimenti za huku zimezibwa kila upande ili joto lisitoke. Mkaa ndani ya chumba kile unatoa gesi isiyo na harufu, mtu analala, haamki. Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme eneo la Seattle, waliougua na waliokufa kwa gesi hiyo walikuwa kwa wingi familia za wahamiaji waliopeleka mkaa au jenereta ndani. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Jiko lisiingie ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata kwa chai ya mtoto. Jenereta ikae nje, mbali na ukuta. Gari lisiwashwe gereji. Na kifaa cha kugundua kaboni monoksidi, chenye betri, kinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Asiye na uwezo aniambie kabla hajaondoka hapa.

Siku ya kwanza ya utabiri, anga ikiwa bado safi, ndiyo siku ya kununua dawa za mgonjwa wa sukari, maziwa ya mtoto, betri, na kuchaji kila simu. Siku ya tatu ni ya kukaa ndani. Buffalo, Desemba 2022, ofisi ya hali ya hewa ilisema siku kadhaa kabla kwamba dhoruba inayokuja ni ya mara moja kwa kizazi. Ikaja hivyohivyo. Zaidi ya watu 40 walikufa katika kaunti ile, wengine ndani ya magari, wengine wakiwa njiani kwa miguu, wengine nyumbani bila joto. Nikifikiria wale waliotoka kwenda kazini asubuhi ile kwa hofu ya kufukuzwa, moyo unaniuma, kwa sababu nawajua watu wa namna hiyo. Wamekaa hapa mbele yangu.

Kwa watoto wanaongoja basi la shule, msisome joto peke yake, someni na upepo. Nyuzi sifuri za Fahrenheit na upepo wa maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Masikio, vidole, pua. Kofia ya mtoto na glavu zake ziwekwe mlangoni tangu jioni.

Sasa fungueni simu. Andikeni weather.gov, halafu msimbo wa posta wa mahali mtakapolala kesho, siyo wa hapa. Someni saa kwa saa: joto, upepo, aina ya mvua. Kwa hali ya barabara, majimbo mengi yana namba 511, pigeni kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo. Vijana watapita kwenye kila meza kumsaidia ambaye simu yake bado iko kwa Kiingereza. Maswali tuanze na madereva wanaoondoka usiku huu.